Baiskeli ya mbio: kipi cha kununua, kipi cha kubadilisha kwanza

Baiskeli ya kilo 8 yenye gia ngumu itakushusha uisukume kwa mkono kati ya Mombo na Lushoto, na ya kilo 10 yenye gia laini itakufikisha juu ukiwa bado umekaa kwenye siti. Dukani hulioni hilo. Uzito unaupima papo hapo kwa kuinua kwa mkono mmoja, lakini gia huzijui mpaka mlima uanze. Ndiyo maana pesa nyingi huishia kwenye wepesi na chache kwenye mambo yanayokuchosha kweli: fremu isiyokutosha, tairi nyembamba, na gia isiyolingana na barabara zako.

Hatua ya 1: Pima mguu kwanza

Simama pekupeku, mgongo ukutani. Weka kitabu kigumu katikati ya miguu, uti wake juu, kivute juu kwa nguvu kama vile umekalia siti, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye uti wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unakupa 70.6, na huo ndio urefu wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedali) hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Baada ya wiki mbili utapandisha au kushusha milimita chache. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Nyama za nyuma ya goti zikivuta, au nyonga zikiyumba kulia na kushoto, iko juu mno.

Namba ya saizi (52, 54, 56) isikudanganye, maana kila kampuni hupima kivyake. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu na usome safu mbili: staki, yaani kimo kutoka usawa wa krenki hadi juu ya bomba linaloshika foki, na richi, yaani umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo hizo mbili. Fremu ya mashindano ya saizi 54 huwa na staki ya milimita 540 hadi 550 hivi. Ile ya safari ndefu, saizi hiyo hiyo, inafika 565 au zaidi, na mgongo wako utaitambua tofauti hiyo kilomita ya 60. Kama hujawahi kuendesha baiskeli ya usukani uliopinda kuelekea chini, chukua ya safari ndefu bila kusita.

Stemu, ile shingo inayoshika usukani, inaweza kurekebisha kosa dogo: milimita 10 mbele au nyuma. Ukihitaji stemu fupi kuliko 80 au ndefu kuliko 130 ili ukae vizuri, fremu si yako, hata ikiuzwa nusu bei.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gia

Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli na chupa za maji kilo 10, mlima wa asilimia 8, na miguu inayozungusha mara 60 kwa dakika. Kasi ya chini ya hapo huumiza magoti. Gurudumu la mbio husogea karibu mita 2.1 kwa mzunguko mmoja.

Ukiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, kama zilivyo baiskeli nyingi za zamani, mzunguko huo unakulazimisha kwenda kilomita 11.8 kwa saa, na kuinua uzito peke yake kunataka takriban wati 205, kabla ya kuhesabu upepo na tairi. Kwa 34 mbele na 34 nyuma, unakwenda kilomita 7.6 kwa saa na unahitaji takriban wati 130. Sasa linganisha na kupunguza uzito: ukitoa kilo moja nzima kwenye baiskeli, unaokoa wati mbili na nusu kwa mwendo ule wa kwanza. Gia zimekuokolea 75.

Kwa hiyo tafuta krenki ya 50/34 (meno ya sproketi mbili za mbele) na kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya 11-34 (meno ya ndogo kabisa na kubwa kabisa) kama unaishi Mbeya, Arusha, Lushoto, Limuru au Kigali. Mlima wa Kimihurura uliokuwamo kwenye mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025 una urefu wa kilomita 1.3, wastani wa asilimia 6.3, tena juu ya mawe. Mtu wa kawaida asiyekuwa na gia yenye meno sawa mbele na nyuma, kama 34 na 34, atashuka. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar na huendi bara, kaseti ya 11-28 inatosha, na hatua ndogo kati ya gia moja na nyingine zitakufaa kwenye upepo wa pwani.

Hatua ya 3: Nafasi ya tairi na aina ya breki

Uliza swali moja: fremu hii inapokea tairi ya milimita ngapi? Baiskeli nyingi za breki za rimu huishia 25 au 28. Za breki za diski za miaka ya karibuni hupokea 32 na kuendelea. Kwenye lami yenye viraka na mchanga pembeni, 28 ndiyo ya chini kabisa na 32 ndiyo raha. Kwa kilo 70, tairi ya 28 yenye tyubu inataka psi (kipimo cha hewa kwenye pampu) 70 hadi 75 nyuma na kama tano pungufu mbele. Ya 32, psi 55 hadi 60. Ile imani ya kujaza mpaka 110 inakupa mtikisiko na kukupunguzia mshiko, wala haiongezi kasi kwenye lami yetu.

Breki za rimu ni nyepesi, na fundi yeyote mwenye spana na waya mpya atazitengeneza. Hasara yake ni mvua, na mteremko mrefu unaopasha rimu moto. Diski za mafuta zinashika vizuri hata kukiwa na maji, ila jiulize mapema nani atazijaza. Kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za mbio za kampuni ya SRAM hutumia mafuta ya DOT, kama ya breki za gari. Ukichanganya, sili za ndani huvimba na breki hufa. Diski za waya zipo katikati: shughuli kidogo, nguvu pungufu kidogo. Anayeishi mbali na mji mkubwa afikirie hizo au za rimu.

Hatua ya 4: Ukikagua ya mtumba

Nyingi zinazofika huku zimeshatumika Ulaya au Asia, na si vibaya. Baiskeli ya alumini ya miaka kumi iliyotunzwa inashinda mpya ya bei hiyo hiyo. Lakini usilipe kabla ya kufanya haya.

Legeza boliti ya siti na uzungushe nguzo yake. Isipozunguka, simama hapo. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma au ya kaboni hushikana kwa kutu, na hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja huharakisha kazi hiyo. Kuitoa kunaweza kuua fremu, na kama kimo si chako umenunua pambo.

Pima mnyororo kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake, mnyororo mpya una milimita 304.8. Ukifika 306.3 (asilimia 0.5), wa gia 11 au 12 umekwisha, 307 (asilimia 0.75), wa gia 8 hadi 10 umekwisha. Ukizidi hapo, hesabu kwamba kaseti nayo imeliwa, kwa sababu mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongwa utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Toa bei ya vyote viwili kwenye bei ya muuzaji.

Weka ukingo wa rula kwenye uso wa rimu unaosuguliwa na breki. Ukiona mwanga katikati, uso umebonyea, na rimu hiyo siku moja itapasuka ikiwa na hewa. Tazama baiskeli kwa nyuma: kile kikono chenye vigurudumu viwili vinavyokaza mnyororo, yaani kibadilishi cha nyuma, kinatakiwa kining'inie wima sambamba na sproketi. Kikiwa kimeelekea ndani, sikio la fremu limepinda, na gia laini kabisa itaingiza mnyororo kwenye spoku.

Fremu ya kaboni igonge kwa sarafu kuzunguka ekseli ya krenki, mabomba ya nyuma na shingo ya foki. Sauti kavu ikigeuka ghafla kuwa butu sehemu moja, iache. Mkwaruzo wa rangi si kitu. Mstari unaoendelea chini ya rangi ni kitu. Mwisho soma namba iliyogongwa chini ya ekseli ya krenki. Ikiwa imekwanguliwa, usiulize sababu, ondoka.

Jambo moja kuhusu tairi, maana linawaponza wengi: "28" iliyoandikwa kwenye tairi ya baiskeli za mizigo, zile nyeusi za kubebea maji na mkaa, mara nyingi ni 28 x 1 1/2, yenye kipenyo cha rimu milimita 635. Baiskeli ya mbio ya 700C ni 622. Haziingiliani, hata fundi akiapa. Soma namba ndogo ubavuni, kwa mfano 28-622.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kubadilisha vipuri

Katika kila shilingi 100 za bajeti, tenga 15 za kutumia baada ya kununua. Zitumie kwa mpangilio huu.

Anza na matairi. Tairi nzuri na ya bei rahisi hutofautiana kwa wati 5 hadi 10 kila moja kwenye kilomita 30 kwa saa, na hakuna kipuri kingine kinachokupa hizo kwa bei hiyo. Palipo na miiba ya migunga, rimu na tairi zinazokubali kutumika bila tyubu zina faida: mililita 30 hadi 40 za maji ya kuziba kwa kila tairi huziba tundu la mwiba kabla hujalijua. Joto huyakausha haraka, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kama rimu ni ya aina isiyo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi, usivuke psi 72 na tumia tairi iliyoruhusiwa kwa rimu hiyo tu.

Kisha siti, raba za breki, na waya na maganda yake. Gia zinazosumbua mara nyingi hazihitaji seti mpya. Zinahitaji waya mpya na ganda lisilo na vumbi. Ni kazi ya saa moja.

Kaseti pana inafuata, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Kibadilishi cha nyuma kina kikomo. Shimano 105 R7000 cha kikono kifupi huishia meno 30. Cha kikono kirefu, chenye alama GS, hufika 34. Ukifunga kaseti kubwa, mnyororo wa zamani utakuwa mfupi. Uzungushe kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupitisha kwenye kibadilishi, ongeza pingili mbili baada ya kukutana, ndipo ukate. Ukipuuza hilo, siku utakapochanganya kubwa kwa kubwa, mnyororo utang'oa kibadilishi pamoja na sikio la fremu.

Tazama pia habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Kiini cha kubebea kaseti ya Shimano ya gia 11 ya mbio ni kirefu kwa milimita 1.85 kuliko cha gia 8, 9 na 10. Kaseti ya 10 inaingia kwenye kiini cha 11 ukiweka washa ya 1.85, kinyume chake hakiwezekani, isipokuwa kaseti za 11-34 kama HG700 na HG800, ambazo zimeundwa ziingie kwenye kiini kifupi.

Mikono ya gia nayo ina ukoo wake. Ya mbio ya Shimano ya gia 8, 9 na 10 huvuta waya kwa uwiano mmoja, kwa hiyo mkono wa Sora (Sora, Claris, Tiagra na 105 ni majina ya seti za gia za Shimano) ya gia 9 utaendesha kibadilishi cha Claris ya gia 8. Tiagra 4700 ni ya gia 10 lakini haimo kwenye ukoo huo. Ukiichanganya na 105 ya zamani ya gia 10, gia zitagoma katikati ya kaseti na hakuna kukaza kutakakoziponya.

Magurudumu ya kaboni yawe ya karibu na mwisho, na kama breki zako ni za rimu na unashuka milima, yaache kabisa yale ya bei ya chini. Ukikamata breki mfululizo kutoka Lushoto hadi Mombo, joto linaweza kulainisha gundi ya kaboni, na hewa ya tyubu inamalizia. Seti nzima ya gia mpya ndiyo ya mwisho kabisa: kutoka gia 10 kwenda 12 unalipia mikono, vibadilishi, kaseti, mnyororo, na pengine krenki na gurudumu la nyuma. Jumla ikipita nusu ya thamani ya baiskeli, iuze ilivyo na ununue nyingine inayokuja na gia hizo tayari.

Boliti za stemu na usukani wa kaboni zikaze kwa Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ukitumia spana yenye kipimo, si kwa hisia ya mkono. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia; paka grisi kwenye nyuzi zote mbili kabla ya kuzifunga, la sivyo mwaka ujao krenki itaondoka nazo.