Mpangaji hachangii umeme? Fanya hivi

Wenye nyumba wa Ngamiani na Makorora hapa Tanga mnaijua hii, nyumba vyumba sita, mita ya LUKU moja, kila umeme ukikata kuna mmoja hana hela ila friji lake linanguruma usiku kucha na wenzake ndo wanamlipia. Dawa ni sabmita kila chumba, yaani kimita kidogo cha kuonyesha uniti za chumba hicho tu. Tafuta fundi wa uhakika akufungie, halafu siku mpangaji anaingia piga picha namba za sabmita mbele yake na umtumie wasapu hapohapo, ule ubishi wa "mi nina taa moja tu" unakuwa umeisha. Na kwenye mkataba andikeni kabisa deni la umeme linakatwa kwenye dipoziti.

Deni likishakuwepo usikimbilie kumkatia waya, mtu ana mtoto mchanga ndani, si haki kabisa hiyo. Kaa naye, someni sabmita pamoja, zidisha uniti alizotumia kwa bei mliyonunulia, mkubaliane alipe kidogo kidogo na aandike kwa mkono wake. Akizingua mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Mita ya TANESCO yenyewe usiiguse, ni mali yao na kuichezea ni kosa la jinai.

Halafu kuna kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ile ni ya mwenye nyumba jamani, kama wapangaji ndo wamenunua umeme wapunguzie kwenye kodi ya chumba, usije ukawadai deni kumbe na wewe wanakudai.