Somo: pima densiti ya kiazi chako mwenyewe nyumbani

Wakuu, leo masi, uzito, densiti na graviti, na tunatumia kiazi maana huku Mbeya jiko lisilo na kiazi sijui utalipata wapi. Masi ni wingi wa kitu chenyewe, inapimwa kwa kilo, haibadiliki uwe Uyole uwe mwezini. Uzito ni ile nguvu dunia inayokivuta nayo, yaani masi mara 9.8 (hiyo 9.8 ndo graviti, kiasi cha mvuto wa dunia), jibu nyutoni. Kiazi cha kilo moja hapa kina nyutoni 9.8, mwezini 1.6 tu ila kilo ni ile ile na shibe ni ile ile. Densiti ni masi gawanya kwa ujazo, basi. Sokoni sema "uzito kilo 50" hamna atakayekugombeza, kwenye mtihani usithubutu.

Hatua ya 1: Osha kiazi, kifute, weka kwenye mzani wa jikoni. Tuseme gramu 216.

Hatua ya 2: Weka bakuli ndani ya beseni kavu (kavu kweli, wengi wanaharibu hapa), jaza maji mpaka yanataka kumwagika, halafu zamisha kiazi taratibu, usikiachie tu maana maji yataruka upate jibu la uongo. Yaliyomwagika yapime, huo ndo ujazo wa kiazi. Tuseme mililita 200.

Hatua ya 3: 216 gawanya 200 ni 1.08, yaani gramu 1.08 kwa kila mililita. Maji ni 1, ndo maana kiazi kinazama.

Hatua ya 4, ndo tamu: koroga chumvi kama gramu 130 kwenye lita moja ya maji ili densiti yake ikaribie ya kiazi, tia viazi kimoja kimoja. Vyenye wanga mwingi vinazama, vya majimaji vinaelea. Wauza chipsi, vilivyozama ndo vyenu, vinakauka vizuri na havinywi mafuta hovyo.

Swali: Mkuu, gunia la kilo 100 nikilishusha Dar linaongezeka uzito?
Jibu: Kiduchu sana. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, graviti inapungua kidogo, mzani wa springi utaona tofauti isiyofika hata gramu 60. Mzani wa mawe hauoni kitu, mawe nayo yanavutwa vile vile. Mzigo wenyewe ukikauka njiani unapoteza zaidi ya hapo kaka, usipige hesabu ya faida.

Swali: Mbona debe la maji zito kuliko la mahindi, debe si moja?
Jibu: Debe linapima ujazo dada, lita 20. Maji yanatoa kilo 20, mahindi yanacheza 16 mpaka 18 kwa sababu katikati ya punje kuna hewa. Ukiona mnunuzi anatikisa debe anaitoa hiyo hewa, kilo zinaongezeka na bei ile ile, mi nakushauri uza kwa mzani.

Swali: Mbao zote si zinaelea?
Jibu: Paini ya Sao Hill inaelea. Tupa kipande cha mpingo uone, chubwi, densiti yake inazidi 1.