Andikeni kwanza, ndipo muongee

Mkikaa kikao cha kutafuta wazo, msianze kuongea. Gawaneni karatasi, kila mtu aandike yake kimya kimya kama dakika kumi, halafu ndiyo msomeane.

Jumapili tulikuwa Tabata kutafuta jina la kanga ya sare ya harusi. Shangazi akataja lake kwanza, la "Mungu ibariki ndoa", basi nusu saa nzima tukazunguka humo humo. Nani amkatalie shangazi? Tukachana kurasa za daftari la michango, kila mmoja akajiandikia. Yakatoka majina ishirini na kitu, na lililopita lilikuwa la binti aliyekuwa uani anamenya vitunguu, ambaye kikao kizima hakufungua mdomo.

Si sisi tu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanne waliofikiri pamoja na wanne waliofikiri kila mtu kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Wa kivyake walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, wakaonyesha sababu mojawapo kubwa: kusubiri zamu. Mwenzako akiendelea kuongea, lako linayeyuka.

Na mwongozo kabla watu hawajaandika? Toeni mipaka, mfano acheni. "Maneno yasizidi sita, na yasimpige mtu kijembe" inatosha (hilo la kijembe lilikuwa la lazima, nawajua ndugu zangu). Ukitoa mfano, karatasi zote zitarudi na watoto wake.