Somo: Kumfanya mwanachuo ashiriki kozi ya mtandaoni, si kuingia na kunyamaza

Wakuu, muhula wangu wa kwanza wa kufundisha mtandaoni uliniuma. Majina 40 kwenye skrini, kamera zote zimezimwa. Nikiuliza, kimya. Siku moja nikaaga darasa, majina 11 yakabaki palepale. Wenyewe walishaondoka zamani, wameacha simu zimeunganishwa. Tangu hapo ninafanya hivi.

Hatua ya 1. Kila mmoja aandike kitu wiki ya kwanza, nawe umjibu kwa jina. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Usimwambie "jitambulishe", atakupa jina na mwaka wa masomo basi. Mimi nafundisha takwimu, kwa hiyo huuliza: "Taja namba moja iliyokufanya uamue jambo wiki hii." Binti mmoja aliandika kwamba huhesabu dakika za kusubiri basi kabla ya kuamua kutembea. Nilimuuliza huwa anasubiri ngapi. Tulipofika somo la wastani, dakika zake ndizo zilizokuwa mfano wetu, na hakukosa kipindi tena. Mtu akishajua anaonekana, anarudi.

Hatua ya 2. Fupisha video. Mwaka 2014 watafiti walichambua mamilioni ya vipindi vya kutazama video za edX, tovuti ya kozi za mtandaoni, wakakuta video zisizozidi dakika 6 ndizo zinazoshika watu zaidi. Lakini usiukate tu mhadhara wa saa nzima kama mkate: kila kipande kibebe wazo moja na kiishie kwenye swali.

Hatua ya 3. Ukiuliza, subiri. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima madarasa akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojibu wakaongezeka. Mtandaoni ongeza, maana mtu lazima awashe maikrofoni au aandike. Nahesabu kumi kimoyomoyo. Mara nyingine nasema: "Andikeni jibu kwenye kisanduku cha gumzo (chat), msitume mpaka niseme." Nikisema "tuma", majibu 40 yanamiminika pamoja, na hakuna aliyenakili kwa mwenzake.

Hatua ya 4. Majaribio madogo ya kila wiki, yenye alama chache. Kujikumbusha bila kuangalia daftari hushikisha somo kuliko kulisoma upya.

Hatua ya 5. Mfuate aliyepotea, mapema. Siku tano bila kuingia, namwandikia mwenyewe: "Sijakuona tangu Jumanne. Uko salama? Kazi ya kwanza bado iko wazi mpaka Ijumaa." Usianze na onyo la mahudhurio. Wengi wananyamaza kwa aibu ya kuachwa nyuma, na onyo huwasukuma mbali zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niwalazimishe kuwasha kamera?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kuna anayelala chumba kimoja na wadogo zake, kuna ambaye bando lake halitoshi video. Dai maandishi, kura, sauti. Sura si ushahidi kwamba anasikiliza.

Swali: Mimi nina wanafunzi 200. Nitamjibu nani nimwache nani?
Jibu: Wapange kwa zamu, 20 kila wiki. Rekodi sauti ya dakika tatu ukitaja majina na hoja zao. Wenye zamu za mbele wataisikia, watajua yao inakuja.

Swali: Kwenye majadiliano wanaandika "nakubaliana na mwenzangu" tu, mwalimu. Nimechoka.
Jibu: Pole. Hebu tazama swali lako kwanza. "Eleza faida za sampuli nasibu" (yaani watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu) lina jibu moja, wa pili aongeze nini? Uliza hivi: "Una siku mbili na uwezo wa kuhoji watu 50 tu. Utawapataje, na nani utamkosa?" Halafu, kama mnatumia Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kuna aina ya jukwaa la majadiliano ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake. Weka hiyo.