Namna ya Kuipeleka Familia Makumbusho ya Bagamoyo kwa Siku Moja

Anayepanga kuipeleka familia Bagamoyo kwa siku moja aanze na magofu ya Kaole, hata kama moyo unamtuma kuingia kwanza makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, ambayo yako karibu zaidi na mji. Sababu ni jua. Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, sehemu kubwa ni uwanja wa wazi wa mawe, ilhali Misheni kuna nyumba ya kuingia na miembe ya kujikingia adhuhuri. Wanaotoka Dar es Salaam wana mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa hiyo wapande gari mapema. Mkishuka stendi, chukueni bajaji na mpatane kabisa nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana kule hakuna kijiwe cha uhakika. Bebeni maji na vitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni.

Huko Kaole msiupite haraka msikiti wa karne ya 13, lakini muda mwingi uwekeni kwenye makaburi yenye minara. Yatazameni kwa karibu: katika mnara mmojawapo kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Mpwa wangu alisimama hapo akauliza ni nani aliyekuwa akila kaburini, na swali hilo likatufaa kuliko maelezo yote, kwani tulipoingia chumba cha maonyesho na kuona vyombo vya Kichina vilivyopatikana hapo, alitaka mwenyewe kujua vilivukaje bahari. Waonyesheni watoto pia mikoko, muwaeleze kwamba bandari ya Kaole ilijaa mchanga na mikoko, ndipo shughuli zikahamia Bagamoyo. Kwenye kaburi la Sharifa watu bado huja kuomba dua. Punguzeni sauti, na kina mama wawe na khanga au mtandio.

Kufikia saa sita muwe Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Makumbusho yenyewe yamo katika nyumba ya zamani ya masista, na humo habari za utumwa zimeelezwa bila kufichwa. Watoto wadogo waelezwe kwanza nje, kwa maneno ya nyumbani, kabla hawajakutana na minyororo. Kisha wapelekeni kwenye mbuyu, wautafute mnyororo mwingine: inasimuliwa kwamba mwaka 1895 mama mmoja wa Kifaransa aliufunga hapo kwa ajili ya punda wake, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza, ukabaki kipande kifupi tu. Karibu na hapo upo mnara wa kanisa la kale, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa maoni yangu, wabebaji hao ndio wa kuzungumziwa zaidi mbele ya watoto.

Chakula kipo kwa wingi mjini, na jioni soko la samaki ufukweni linatosha kuwa burudani. Saa ya gari la mwisho la kurudi muulizeni kondakta wa asubuhi, kabla hamjashuka.