Kuizuia tasnifu kwa muda: ya kufanya kabla hujaiwasilisha

Kazi yangu ni kupokea tasnifu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja Marekani, na kila Aprili Kiswahili changu hutumika zaidi kaunta kuliko nyumbani. Wanaokuja ni wadogo zangu kutoka Morogoro, Eldoret, Bukavu. Wameshatetea, wamechoka, tarehe ya mwisho imewakaribia, na fomu ya mtandaoni imewauliza: kazi hii ifunguliwe lini kwa umma? Wengi hubofya “mara moja” ili wamalizane nayo. Wengine huchagua muda mrefu kuliko yote kwa sababu tu umeandikwa pale. Mimi huwauliza kwanza: unamzuia nani, asisome nini, mpaka lini? Asiye na jibu namwambia aifungue tu, isomwe.

Sababu yenye haraka kuliko zote ni hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mgunduzi juu ya ugunduzi wake. Kama umegundua dawa, mbegu, kifaa au njia mpya ya kusafisha maji, sheria ya Marekani inakupa mwaka mmoja wa kuomba hataza, tangu ulipotangaza ugunduzi wako mwenyewe. Ulaya haina huruma hiyo: kilichokwisha kuwa wazi kwa umma kabla ya ombi kuwasilishwa si kipya tena, hata kama aliyekitangaza ni wewe. Wala usidhani kitabu kilicholala rafuni hakihesabiki. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani iliamua kwamba nakala moja tu ya tasnifu, iliyoorodheshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuitwa chapisho. Nakala hiyo ilikuwa imeingia maktaba mwishoni mwa 1977. Mwombaji wa hataza, ambaye wala hakuwa mwandishi wa tasnifu ile, alileta ombi lake Februari 1979, akawa amechelewa. Mwaka 1989 mahakama hiyohiyo ilikataa kuziita machapisho tasnifu za wanafunzi wa Reed College, Oregon, kwa kuwa kadi zake za kutafutia zilipangwa kwa majina ya wanafunzi tu, tena nyingine zilikuwa ndani ya boksi la viatu! Siku hizi kadi hizo hazipo. Injini ya utafutaji huifikia kazi yako kwa neno lolote lililomo ndani yake.

Kwa hiyo, mwenye ugunduzi aende ofisi ya hataza ya chuo kabla ya kutetea. Nasisitiza kabla, kwa sababu vyuo vingi hufungua mlango wa utetezi kwa yeyote anayetaka kusikiliza, na zuio la maktaba hufunga faili, halifungi masikio. Ombi la awali la hataza likishawasilishwa, una miezi 12 ya kuleta ombi kamili, Marekani na nchi nyingine. Zuio la mwaka mmoja litakutosha.

Sababu ya pili ni kitabu. Mwaka 2013 Chama cha Wanahistoria cha Marekani kilihimiza vyuo viwaruhusu wahitimu wa udaktari kuzuia tasnifu zao kwa hadi miaka 6, kwa hofu kwamba wachapishaji watazikataa zikiwa bure mtandaoni. Ubishi ulikuwa mkubwa. Maoni yangu ni kwamba miaka 2 inawatosha wengi, maana mhariri mwenye busara hachapishi tasnifu kama ilivyo, atakutaka uiandike upya. Mwandikie yule unayemlenga, umuulize msimamo wao. Jibu la mistari miwili lina thamani kuliko fununu za wenzako wa mwaka wa tano. Kama sura zako zinakwenda kwenye majarida, soma masharti ya kila jarida. Mengi hayana shida na tasnifu.

Sababu nisiyoikubali ni kuwalinda waliohojiwa. Zuio lina mwisho. Kama muuguzi aliyekusimulia wizi wa dawa hatakiwi kujulikana leo, baada ya miaka 2 pia hatakiwi kujulikana. Badilisha majina, ficha kijiji na cheo, zungumza na kamati yako sasa, kabla nakala ya mwisho haijatiwa sahihi.

Ukishajua sababu na muda, mwambie msimamizi wako na kila uliyeandika naye, kisha jaza fomu. Mara nyingi utakuta miezi 6, mwaka 1 au miaka 2. Ukitaka zaidi, jiandae kuandika barua ya maelezo. Angalia hapa, ndipo wengi wanapojikwaa: milango ni miwili. Mmoja ni hifadhi ya kidijitali ya chuo, mwingine ni ProQuest, kampuni inayokusanya na kusambaza tasnifu za vyuo vingi, na kufunga mmoja si lazima kufunge wa pili. Hakikisha tarehe zinalingana kote.

Kumbuka pia kwamba jina la tasnifu, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni) na maneno ya msingi hubaki wazi hata zuio likiwepo. Nimesoma ikisiri zilizotaja mchanganyiko mzima wa kemikali, kipimo kwa kipimo, huku mwandishi ameomba miaka 2 ya usiri. Eleza tatizo na matokeo kwa jumla, viungo viache ndani.

Halafu kuna nakala za nyumbani. Aliyefanya utafiti Kenya kwa leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, anatakiwa kuwasilisha nakala ya kazi yake ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza utafiti. Zuio la chuo cha Ohio haliifungi nakala ya Nairobi. Soma leseni yako, na kama kuna siri ya hataza, waandikie mapema uombe utaratibu. Faili yako mwenyewe bado ni mali yako: mwajiri au mtafiti akiomba kusoma, unaweza kumtumia, ila si kama ombi la hataza bado halijawasilishwa.

Siku ya mwisho ya zuio ikifika, mfumo hufungua tasnifu wenyewe, bila kukuuliza. Ukitaka kuongeza muda, omba miezi kadhaa kabla. Na kwenye fomu usiache anwani ya barua pepe ya uanafunzi, maana vyuo vingi huizima baada ya kuhitimu, na taarifa ya kwamba muda unakwisha itatumwa pasipo na msomaji. Weka ile ya binafsi unayoifungua kila siku.