Ekseli Imara kwa Mfuko Mdogo: Panga Kabla ya Kupanda Basi la Kampala

Ukiwa na Hilux kuukuu inayopanda Kotido na Kaabong, huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, usianze kwa kuulizia ekseli. Anza na tairi. Kimo cha tairi ndicho kinachoamua mzigo utakaoangukia hafushafti (shafti inayozungusha gurudumu), reshio ya difu (gia za katikati ya ekseli; reshio ni mara ngapi propela, shafti ndefu itokayo giaboksi, huzunguka kwa mzunguko mmoja wa magurudumu), na hata kama kweli unahitaji ekseli nyingine. Mimi nabeba posho (unga wa mahindi), maharage na saruji kutoka Moroto, na 7.50R16 inanitosha. Ina kimo cha karibu inchi 32, ni nyembamba, inapenya tope la udongo mweusi hadi ikute pagumu, na ikipasuka unapata nyingine bila kwenda mbali. Wanaopanda hadi inchi 35 kwa ajili ya sura ya gari wanavunja vitu ambavyo vingedumu miaka.

Ukishaamua tairi, piga hesabu. Gawa kimo kipya kwa kimo cha zamani, kisha zidisha na reshio uliyo nayo. Gari lenye 4.10 na tairi za inchi 29, likivalishwa za inchi 32, linataka reshio ya karibu 4.5 ili injini ivute kama mwanzo. Kama hujui reshio yako na difu haina loki (kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja), weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, toa gia, achia handibreki, inua gurudumu moja tu la nyuma. Lizungushe mara 2 kamili, kwa kuwa la pili limetulia chini, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo, una 4.10 au 4.11. Ikikaribia 5, huenda ni 4.88. Reshio ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo siku utakapotia fo-wili mahali pakavu, magurudumu yatavutana na kitakachoumia ni giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Pesa ya kwanza iende kwenye ekseli uliyo nayo. Mpira wa kupumulia difu urefushe kwa bomba la kawaida hadi juu karibu na bodi. Difu iliyopata moto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia sili. Bomba hilo ni bei ya chakula cha mchana na linaokoa kraun na pinioni, gia kubwa na ndogo za ndani ya difu. Kisha fungua magoti ya ekseli ya mbele. Ukikuta grisi imekuwa uji mweusi unaotiririka, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia. Badilisha sili, beringi za juu na chini, jaza grisi ya molibdeni. Ekseli nyingi zinazoitwa dhaifu hapa kwetu zimekosa matunzo haya tu.

Kama bado unavunja shafti ukiwa na mzigo, hapo ndipo ekseli kubwa inapohitajika, na ningeanza na ya nyuma. Kwenye ekseli nyingi za pikapu ndogo, hafushafti inabeba uzito wa gari na kuzungusha gurudumu pia, kwa hiyo ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka nayo. Kwenye ile inayoelea kabisa, kama ya nyuma ya Land Cruiser HZJ75, uzito umekaa kwenye habu yenye beringi mbili. Shafti ikikatika unaichomoa, unaziba tundu, unatia fo-wili na kurudi kwa ekseli ya mbele. Kati ya Kaabong na Kidepo, hiyo ndiyo tofauti ya kulala nyumbani au kulala porini.

Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, ekseli za zamani hutoka zaidi kwenye magari yaliyomo nchini. Tafuta Kiseka na Ndeeba, kwenye maduka ya vipuri ya Kampala, lakini fuatilia pia minada ya mashirika. Nunua ya mbele na ya nyuma kutoka gari moja, na breki zake zote. Hesabu studi, bolti zinazoshika rimu: Land Cruiser za mizigo za kuanzia 1999 zina 5, Hilux ina 6, na rimu zako hazitaingia.

Pale dukani usikubali kuharakishwa. Fungua kizibo cha oili uchovye kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yaliingia. Mwambie muuzaji atoe difu nzima uhesabu meno ya kraun na ya pinioni, kisha ugawanye: 37 kwa 9 ni 4.11, 39 kwa 8 ni 4.88. Chomoa shafti utazame meno ya mwisho. Yakiwa yamejipinda kidogo kama kamba, iache. Pima kama bomba la ekseli limenyooka. Dai risiti yenye jina la muuzaji.

Theluthi ya bajeti isiguswe. Italiwa na yu-bolti mpya, bomba za breki, kukata propela na kuchomelea viti vya springi. Viti vishikizwe kwa pointi ndogo kwanza, gari lishuke kwa uzito wake wote, pinioni ielekezwe vizuri, ndipo fundi amalizie vipande vifupi vifupi upande huu na ule ili bomba lisipinde kwa joto. Mikono ya usukani isiguswe na welding hata siku moja.

Loki inaweza kusubiri. Kuchomelea meno ya difu ni rahisi kwa bei, lakini kwenye lami ya Moroto hadi Soroti kila kona itakula tairi na kukamua shafti.

Safari ya kwanza nenda bila mzigo. Baada ya kilomita 50 simama, gusa kila habu kwa mkono. Inayounguza, huenda beringi imebanwa mno. Kaza yu-bolti hapohapo, uzikaze tena ukifika, na oili ya difu uimwage mapema uone kama kuna chembe za chuma.